Ulinganisho: seti kamili, vifaa kimoja kimoja, au kukaa kwa fundi? Anayeanza kufunga nzi wa ndoana aanzie wapi

MtoThiba:
Habari zenu wanajukwaa. Mimi ni wa Kerugoya, navua samaki aina ya trauti mto Thiba na wakati mwingine Ragati, kwa nzi wa ndoana, yaani chambo bandia cha manyoya na uzi kinachofungwa juu ya ndoana. Mito yetu ya mlimani mnaijua, vichaka vinashuka hadi majini, na jioni nusu ya nzi nilioondoka nao wamebaki kwenye matawi. Wote nawanunua. Sasa nataka kufunga wangu mwenyewe, na njia naziona tatu: kununua seti ya wanaoanza yenye kila kitu ndani, kununua jiliwa (kibanio cha kushikia ndoana), uzi na ndoana peke yake halafu manyoya nitafute hapa hapa nyumbani, au kwenda Nairobi nikae pembeni ya mtu anayefunga kwa kazi. Pesa inatosha njia moja. Wenye uzoefu, mnaonaje?

FundiWaUzi:
Karibu ndugu. Mimi nimefunga nzi kwenye karakana za Nairobi miaka mingi, wa kusafirishwa Ulaya na Marekani. Wavuvi wengi wa nje wanatumia nzi waliofungwa Kenya bila kujua, na asilimia kubwa ya mikono hiyo ni ya akina mama.

Nakushauri njia ya tatu, hata kama ni kwa wiki moja tu. Ufungaji ni mkazo wa uzi. Uzi ukilegea, mwili unazunguka kwenye ndoana samaki wa kwanza akiuma. Ukikaza kupita kiasi unakatika ukiwa umebakiza kichwa tu. Mpaka ulipo kati ya hayo mawili hakuna maandishi yatakayokuonyesha. Mtu akishika mkono wako akasema "hapa, simama hapa", unaujua siku hiyo hiyo.

Jambo la pili ni kubana. Unyoya unaubana juu ya shina, ile sehemu iliyonyooka ya ndoana, kwa kidole gumba na cha shahada, unapitisha uzi katikati ya vidole ukiwa umelegea, kisha unavuta kuelekea chini bila kufungua vidole. Ndiyo maana mkia unakaa juu ya ndoana na hauhamii ubavuni. Karakanani mgeni hafungi aina kumi. Anapewa aina moja, saizi moja, anaifunga hiyo hiyo mpaka zote zilale sawa mezani.

Aina yenyewe iwe Woolly Bugger, nzi wa kuzama. Ndoana namba 8 yenye shina refu, mkia wa manyoya laini ya bata mzinga, mwili wa shenili (uzi mnene wenye vinyweleo), na unyoya wa shingo ya jogoo uliozungushwa kutoka nyuma hadi mbele. Mkia uwe na urefu wa shina, usizidi. Na mbele acha nafasi ya kutosha nyuma ya tundu la ndoana, kwa sababu wanaoanza wote hujaza pale, kisha kichwa hakina pa kukaa na uzi wa kuvulia haupiti.

DadaWaOslo:
Shikamoo fundi. Nakubali kuhusu mkono wa fundi, lakini si kila mtu ana fundi karibu. Huku Norwe vilabu vya uvuvi vina jioni za kufunga nzi majira ya baridi, mito ikiwa imeganda. Nilijifunzia huko, kwa seti ya bei nafuu, kwa hiyo seti naijua vizuri.

Uzuri wake ni kwamba unaanza jioni ile ile kifurushi kilipofika. Hukai ukitafuta ni uzi upi au ndoana ipi. Ubaya wake uko sehemu mbili. Ya kwanza ni jiliwa: meno yake mara nyingi ni ya chuma laini, ndoana inateleza kila ukikaza uzi, na mtu anadhani mkono wake ndio mbovu. Ya pili ni manyoya. Seti inakuja na rangi kumi na tano, kila moja kiasi cha nzi wawili au watatu, na wewe unahitaji kufunga aina moja mara nyingi kama fundi alivyosema. Rangi nyeusi inaisha kabla mkono haujazoea.

Ukiipata seti mkononi, ijaribu hivi kabla ya kulipa. Bana ndoana namba 10 kwenye jiliwa, bonyeza tundu lake kwa kidole kuelekea chini. Ndoana nzuri ndani ya jiliwa nzuri hupinda kidogo na kurudi ilipokuwa. Ikiteleza, rudisha. Angalia pia bomba dogo la kishikio cha uzi, pitisha uzi huku na huku. Likiwa na ncha kali litakukatia uzi kila siku.

MshipiWaPangani:
Mimi ni wa njia ya pili, na sioni sababu ya kuagiza manyoya kutoka nje. Kumbuka pia manyoya ghafi yanaweza kukwama forodhani, yanahesabiwa kama mazao ya mifugo.

Mimi navua baharini, kolekole na vibua. Nzi wangu mkubwa ni ule wa Bob Clouser, mvuvi wa Pennsylvania aliyeubuni miaka ya 1980 kwa samaki wa mto Susquehanna. Sasa unatumika karibu bahari zote. Macho mawili mazito yanafungwa juu ya shina, yanaigeuza ndoana ncha ikatazama juu, hivyo haikwami kwenye miamba kwa urahisi. Wenyewe wanatumia nywele za mkia wa paa wa Marekani. Mimi natumia mkia wa mbuzi mweupe kutoka machinjioni, nimeuosha kwa sabuni na kuuanika kivulini. Nyuzi za kung'aa naongeza rasta za saluni, pakiti moja inanitosha mwaka. Macho ni vipande vya ule mnyororo wa shanga za chuma unaofungwa kwenye kizibo cha sinki. Waya mwembamba wa shaba naupata kwa mafundi wa kusuka mota, wananipa mabaki bure.

Kitu pekee nisichobahatisha ni ndoana. Ya chumvi iwe ya chuma kisichoshika kutu, basi.

MtoThiba:
Asanteni sana. Kaka wa Pangani, hapo kwenye manyoya umenigusa. Nyumbani kuna majogoo wa kienyeji na sungura. Je, shingo ya jogoo wetu inafaa kwa nzi wa kuelea?

FundiWaUzi:
Wa kuelea, hapana. Unyoya wa jogoo wa kienyeji ni mfupi, mpana, na chini una utando laini unaokunywa maji. Nzi wa kuelea husimama juu ya maji kwa ncha za unyoya mgumu usio na utando, na majogoo hao wanazalishwa makusudi kwa kazi hiyo, hasa Marekani. Unyoya mmoja wa kwao ni mrefu na mwembamba, unamaliza nzi mzima.

Ila kwa nzi wa kuzama, jogoo wako ni dhahabu. Utando ule ule unaokunywa maji ndio unaomzamisha, na ndani ya maji unacheza kama kitu hai. Chagua unyoya ambao nyuzi zake ni mara moja na nusu hadi mbili ya upana wa mdomo wa ndoana, yaani nafasi kati ya shina na ncha. Sungura naye mkate nywele za masikioni na usoni, zichanganye vidoleni, zisokote kwenye uzi, tayari una mwili wa nzi anayeiga buu wa majini. Osha kila kitu, kausha, funga kwenye mfuko na naftalini, la sivyo wadudu watakula akiba yako yote.

Manyoya ya ndege wa porini usiyaguse, hata uliyoyaokota. Sheria ya wanyamapori ya Kenya ya 2013 inayahesabu kama nyara, na bila kibali ni kosa.

Naivasha_Jioni:
Samahani mzee, kwa heshima, kwenye Woolly Bugger napingana nawe. Kwa mtu wa Thiba ningeanza na buu wa Frank Sawyer, yule aliyekuwa mtunza mto Avon kule Wiltshire, Uingereza. Hakutumia uzi kabisa. Waya wa shaba ndio unaofunga, ndio uzito, na ndio mng'aro. Nyuzi chache za mkia wa fesanti (ndege wa jamii ya kwale mwenye mkia mrefu), au za bata mzinga kama huna, zinafanya mkia, mwili na mgongo. Vitu viwili tu! Waya nao haukatiki ovyo, kwa hiyo anayeanza hapambani na mkazo. Na video zipo tele, unasimamisha, unarudia.

FundiWaUzi:
Nzi mzuri sana huyo, na trauti wetu anampenda. Lakini ulichokitaja kama faida ndicho ninachokiogopa. Waya unasamehe. Akija kushika uzi atakuwa hajajifunza mkazo, ataanza upya. Amfunge wa Sawyer akiwa wa pili. Video sizikatai, tatizo ni kwamba hazioni mikono yako.

DadaWaOslo:
Niongeze dogo: kabla hujaanza kufunga, bonyeza kijino cha ndoana, kile kinachozuia samaki asichomoke, kwa koleo kilale. Ndoana ikivunjika, umepoteza ndoana tupu, si kazi ya nusu saa. Na samaki mdogo unamrudisha mtoni bila kumchana.

MtoThiba:
Nimeamua. Seti naiacha. Nanunua jiliwa inayoshika, kishikio cha uzi, mkasi wenye ncha nyembamba na pakiti ya ndoana namba 8. Manyoya ni ya nyumbani, shenili nitajaribu uzi wa sweta. Kitakachobaki ni nauli ya Nairobi, fundi nitakuandikia faraghani. Swali la mwisho: uzi unene gani, na kichwa nakifungia nini?

FundiWaUzi:
Chukua 6/0 mweusi, au ulioandikwa denia 140, una nguvu ya kutosha kwa mkono mpya. Kichwa malizia kwa mafundo ya kitanzi matatu yaliyobanana, kisha tone moja la rangi ya kucha isiyo na rangi kwa ncha ya sindano. Kabla halijakauka, pitisha unyoya ndani ya tundu ulisafishe. Uzi wa sweta uchambue, tumia unyuzi mmoja tu, wote ni mnene mno kwa namba 8. Njoo siku za kazi, asubuhi.