Naomba ushauri: mwanga ninaouona ninapotafakari una maana gani katika yoga?

Mleta uzi

Wanajukwaa, habari za jioni. Naomba ushauri kwa wenye uzoefu wa yoga, hasa waliosoma maandiko yake na si mazoezi ya viungo peke yake. Alfajiri, kabla watu wa nyumbani hawajaamka, huketi sakafuni, nikaukazia macho mwali wa mshumaa kwa muda mfupi, kisha nikayafumba na kufuatilia pumzi. Miezi ya mwanzo sikuona kitu. Siku hizi, pumzi inapotulia, hujitokeza kwenye paji la uso mwanga wa buluu iliyokoza, ambao mara nyingine huzungukwa na mzingo wa rangi ya dhahabu, na hutoweka mara tu ninapoutilia maanani. Sina hofu nao; kinyume chake, hubaki na utulivu hadi mchana. Mwenzangu wa mazoezi ameniambia kwamba jicho langu la tatu limefunguka, ilhali dada yangu, ambaye ni mtu wa kanisa, ananisihi niache kabisa. Ninataka kujua wenye yoga yenyewe wanasemaje, na nifanye nini mwanga huo unapokuja.

Msomaji wa Upanishadi

Ndugu yangu, unayoyaeleza si mageni hata kidogo katika mapokeo ya Wahindu. Upanishadi ya Shvetashvatara, mojawapo ya maandiko yao matakatifu ya kale, katika sura ya pili, inataja yanayomtokea mwanayoga: ukungu, moshi, jua, upepo, moto, vimulimuli, umeme wa radi, bilauri na mwezi. Inayaita vitangulizi vya kudhihirika kwa Brahman, yaani uhalisi wa juu kabisa, na kitangulizi hakiwi ndiko kufika kwenyewe.

Patanjali, katika Yoga Sutra, andiko la msingi la yoga, anaitaja hali yenye nuru na isiyo na huzuni miongoni mwa njia kadhaa za kuituliza akili (1.36), na katika sura ya tatu anagusia pia nuru ya kichwani. Lakini katika sura hiyohiyo, beti chache mbele, anaonya kwamba uwezo wa kuona na kusikia yasiyo ya kawaida ni kizuizi cha samadhi, yaani kuzama kabisa kwa akili katika utulivu, ingawa kwa akili iliyoelekea nje huonekana kuwa mafanikio. Onyo hilo ninalithamini kuliko ahadi zote zinazotolewa siku hizi kuhusu chakra, vile vinavyoitwa vituo vya nguvu mwilini.

Rangi ulizozitaja zinakaribiana sana na mafundisho ya Paramahansa Yogananda, mwalimu wa yoga kutoka India aliyefika Marekani mwaka 1920 na kuanzisha shirika la Self-Realization Fellowship. Alifundisha kwamba jicho la kiroho, kati ya nyusi, huonekana kama pete ya dhahabu yenye buluu ndani yake, na katikati nyota nyeupe ya pembe tano. Hata hivyo, nisingeharakisha kusema kwamba wewe umeliona jicho hilo, wala sikubaliani na mwenzako anayesema limekwisha kufunguka. Katika hatua nane za Patanjali, tafakuri ni ya saba, na ya kwanza ni yama: kutodhuru, kusema kweli, kutoiba, kujizuia na kutolimbikiza. Ukitaka kujua umesonga mbele kiasi gani, jichunguze huko kwanza.

Mhudumu wa macho

Ninafanya kazi katika kliniki ya macho na pia ninatafakari, kwa hiyo naomba niongeze jambo moja. Mwali wa mshumaa huacha taswira machoni baada ya kuyafumba. Taswira hiyo husogea jicho linaposogea, hubadilika rangi na kufifia taratibu. Kuyavuta macho juu kwa nguvu, au kuyabana kope, pia huweza kuzalisha mimweko. Jaribu kuketi kwa muda bila mshumaa, ukilegeza kope, uone kama mwanga utaendelea kuja.

Kuna dalili ambazo hazipaswi kusubiri. Mimweko ya ghafla pembeni mwa jicho, hata likiwa wazi, madoa mengi mapya yanayoelea, au kivuli kinachoshuka mithili ya pazia, humaanisha kwamba huenda retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, inachanika au kubanduka. Nenda hospitali siku hiyohiyo. Mistari ya mapindipindi inayotanuka kwa dakika kadhaa, na mara nyingi kufuatwa na kichwa kuuma upande mmoja, huelekea kuwa ni kipandauso. Uliyoyaeleza hayafanani na hayo, lakini ni vyema uyajue.

Mkaaji kimya

Mimi nimefundishwa kwa njia ya Wabudha wa Theravada, mojawapo ya matawi ya Ubudha. Kwao mwanga unaotokea pumzi inapotulia huitwa nimitta, na ni ishara njema ya akili inayokusanyika. Lakini Buddhaghosa, mfafanuzi wa maandiko ya Kibudha aliyeandika nchini Sri Lanka katika karne ya 5, anautaja mwanga kuwa wa kwanza kati ya kasoro kumi za utambuzi, kwa sababu mtafakari huuona akadhani amekwisha kufika. Nilivyoelekezwa mimi ni kubaki na pumzi. Mwanga ukija, uache uje, ukiondoka, usiutafute.

Mleta uzi

Ninawashukuru wote. Mshumaa nitauweka kando kwa wiki hizi. Limebaki swali moja: je, niendelee kuelekeza macho kati ya nyusi? Baada ya muda huhisi mkazo hapo.

Msomaji wa Upanishadi

Ukihisi mkazo, acha. Vyasa, mfafanuzi wa kale wa Yoga Sutra, anapoieleza ile nuru isiyo na huzuni haiweki kwenye paji la uso, bali katika yungiyungi la moyo. Peleka uangalifu wako kifuani, macho yapumzike yenyewe, na ufuatilie pumzi kama kawaida. Kuhusu dada yako, mweleze waziwazi unachofanya alfajiri na umsikilize kinachomtia hofu, kwa maana kusema kweli na kutodhuru kunaanza na watu wa nyumbani.