Uvimbe chini ya utando wa zoloto (kisanduku cha sauti): kinyama (biopsi) kimerudi bila jibu

Tabibu_Ujiji
Wakuu, naomba ushauri. Mgonjwa ana miaka 41, sauti imekwaruza miezi 7, havuti sigara, kipimo cha TB cha GeneXpert hakikuona kitu. Kwa endoskopu ya puani kuna uvimbe wa mviringo nyuma ya kamba ya sauti ya kulia, utando juu yake mzima. Kipande cha mm 2 kimesomwa "inflamesheni sugu" basi. Nirudie hapa Kigoma au nimpe rufaa Bugando, hospitali ya Mwanza?

KooNaSikio
Mkuu, usirudie kabla ya CT yenye dawa ya mshipa, picha za tabaka za mm 1. Uvimbe ukiwaka sana kwa dawa, fikiria paraganglioma au hemanjioma, uvimbe wenye mishipa mingi ya damu. Hizo zikidonolewa mgonjwa akiwa macho, damu inaweza kuziba njia ya hewa. Ukikuta madoa ya chokaa kama bisi kwenye gegedu ya krikoidi (pete ya chini ya zoloto), fikiria kondroma (uvimbe wa gegedu usio kansa) au kondrosakoma (kansa ya gegedu) ya daraja la chini, na kipande kidogo hakizitofautishi.

CT isipoonyesha uvimbe wa damu, mpe rufaa. Kinyama kichukuliwe kwa usingizi kamili: utando upasuliwe, kipande kitoke ndani ya uvimbe wenyewe. Hicho cha mm 2 nadhani kilikuwa ganda tu, yaani utando wa juu.

Maabara_Tabora
Naongezea, maana hapa ndipo watu wanaumizwa. Mahali hapo, nyuma ya kamba ya sauti, ndipo hupendwa na uvimbe wa seli za chembechembe (granular cell tumour), ambao kwa kawaida si kansa. Utando ulio juu yake hunenepa na kuchimba chini hadi ukafanana na kansa ya skwamasi (kansa ya seli za utando). Msomaji wa kinyama maabara akipewa ganda peke yake anaweza kuandika kansa, na mtu akakatwa zoloto bure. Kwa hiyo andika kwenye fomu: "uvimbe uko chini ya utando, kipande kimetoka ndani."

Fomalini iwe ya asilimia 10 yenye bafa, ujazo mara 10 ya kipande. Spiriti hapana, inakausha seli.

Omba kipimo cha S100 (alama ya seli za neva) kwenye kipande, ila isikutoshe: shwanoma (uvimbe wa ganda la neva) nayo huipokea. Seli nene zenye chembe zinazoshika rangi ya PAS ni za uvimbe wa chembechembe. Nyembamba zilizojipanga safu ni shwanoma. Kromogranini (alama nyingine ya maabara) ikishika, fikiria tena paraganglioma.

Tabibu_Ujiji
Asanteni. Akilala chali pumzi inapiga filimbi kidogo.

KooNaSikio
Basi njia ya hewa inabana: usimlaze chali kwenye CT bila mtu wa usingizi na seti ya trakeostomi (ya kutoboa koo apate hewa) pembeni. Piga simu Bugando leo, asisafiri bila oksijeni na msindikizaji anayeweza kufungua njia ya hewa.