Hivi Kodivaa (Ivory Coast) wenyeji hasa ni akina nani?

Kijiwe_Tandika

Wakuu habari za mchana. Jana hapa kijiweni palikuwa hapatoshi, ligi ilianza na Simba na Yanga kama kawaida afu ikahamia kwenye uraia. Jamaa mmoja akasema Aziz Ki ni mtu wa Kodivaa, mwingine akakataa katakata yule ni Burkina Faso na timu ya taifa anachezea hiyo, tukaingia mtandaoni tukakuta kila mtu ana kaukweli kake, amezaliwa Adjamé palepale Abidjan ila anachezea Burkina. Pacome yeye haina utata, ni wa Kodivaa.

Sa kilichonichanganya ni hiki, nikaanza kuangalia majina ya watu wa kule nakuta Ouattara, Traoré, Coulibaly, Touré, majina hayohayo yapo Mali, yapo Burkina, yapo Guinea. Afu kuna akina Kouassi na Kouamé, hao ukiwatazama kama Waghana tu walioandikwa Kifaransa. Hivi wenyeji wa pale hasa ni akina nani, wako wangapi, na makabila yamekaaje? Na inakuwaje mtu azaliwe Abidjan asiwe wa Abidjan? Wajuvi mtusaidie, wa kuleta mambo ya Kolo na Utopolo jukwaa la michezo liko chini hapo. Nawasilisha.

GongoLaMboto_Original

Wenyeji ni kakao mkuu, wengine wote wamekuja kuifuata.

Mwl_Mbagala

Huyo wa juu anatania ila hajaenda mbali na ukweli.

Tuanze na idadi. Sensa yao ya mwisho ni ya 2021, walihesabiwa watu kama milioni 29.4. Ile ya 2014 walikuwa milioni 22.7 na ukirudi 1975 walikuwa milioni 6.7 tu, yani mtu aliyezaliwa mwaka huo hata kustaafu bado na nchi imeshajaa zaidi ya mara nne. Sasa kwenye hao milioni 29, asilimia 22 sio raia. Piga hesabu, inakuja kama milioni 6 na nusu. Sensa yetu ya 2022 mkoa mzima wa Dar, toka Bunju mpaka Chanika mpaka Kigamboni huko, tulikuwa milioni 5.4. Kwaiyo wageni wa Kodivaa peke yao wanatuzidi wote tunaogombania daladala hapa mjini. Na hapo ujue imeshuka, 1998 walikuwa asilimia 26. Zaidi ya nusu ya hao ni Waburkina, wanafuata Wamali na Waguinea, na sehemu kubwa wamezaliwa hukohuko, hiyo Burkina wengine wanaijua kwa kusimuliwa.

Makabila sasa. Yapo kama 60 ila wenyewe wanayaweka kwenye mafungu matano. Akan ndo wengi, kama asilimia 38 ya raia, wako kusini mashariki na katikati, humo ndani wapo Wabaoulé, Waagni, na Waebrié ambao ardhi ya Abidjan ndo kwao kabisa kama Wazaramo hapa. Hao ni ndugu wa Waashanti wa Ghana ndo maana umekuta Kouassi na Kouamé, ni majina ya siku aliyozaliwa mtu. Wabaoulé wanasimulia kwamba walitoka upande wa Ashanti karne ya 18 baada ya ugomvi wa kurithi kiti, malkia wao Abla Pokou akawaongoza usiku na mchana, wakafika mto Comoé umefurika, akamtoa mwanawe wa pekee kafara ndo wakavuka. Kaskazini kuna watu wa fungu la Gur, Wasenoufo wa Korhogo, Walobi, Wakoulango, kama asilimia 22, na Mandé wa kaskazini yani Wamalinké na Wadioula, Odienné na Kong huko, nao wanacheza kwenye 22. Magharibi kuna Krou, ndo Wabété na Waguéré, asilimia 9 hivi, na Mandé wa kusini, Wayacouba wa Man na Wagouro, 8 na kitu.

Umeona hapo hakuna anayefika nusu. Na karibu kila fungu lina ndugu ng'ambo ya mpaka, Wasenoufo wapo Mali na Burkina, Akan wapo Ghana, Wayacouba ukivuka Liberia unawakuta, Wakrou hivyohivyo. Mfaransa alikata keki bila kuuliza nani ni shangazi ya nani.

BintiIlala

Mwalimu hapo kwenye asilimia weka sawa, hizo ni za raia tu. Ukichukua kila mtu anayelala Kodivaa leo, Akan hawafiki hata theluthi. Na hao wageni hawajatawanyika sawa kwa makabila yote, Mburkina na Mmali wengi wao ni Waislamu na Kidioula wanakielewa, sasa akikaa sokoni Bouaké au Adjamé huwezi kumtofautisha na raia wa kaskazini, jina moja, swala moja, lugha moja. Kwa nchi nzima Waislamu ni kama asilimia 42 na Wakristo kama 40, kwaiyo mwanasiasa wa kusini akiangalia hizo namba usingizi unaruka. Fujo zao zote zimeanzia hapo, sio kwenye ukabila mtupu kama wengi tunavyodhani.

chalii_wa_Kino

Mi sipendi hizi habari za kuhesabu makabila. Sisi sensa yetu haijauliza mtu kabila tangu 1967 na tunaishi vizuri tu, nani anajali Wasukuma ni asilimia ngapi? Hao wanajihesabu afu wanauana.

BintiIlala

@chalii_wa_Kino kaka, kule kilichowaponza sio swali la kabila, ni swali la uraia, na hilo hata sensa yetu inauliza.

Mzee_wa_Relini

Vijana mnazungumzia matunda, ngoja niwaonyeshe mti ulipopandwa.

Burkina zamani ikiitwa Volta ya Juu. Mfaransa aliifanya koloni 1919, ilipofika 1932 akaivunja, akaigawa vipande kwa Kodivaa, Sudan ya Kifaransa ambayo ndiyo Mali ya leo, na Niger. Kodivaa ilipata kipande kinono, pamoja na Ouagadougou yenyewe. Ikakaa hivyo mpaka 1947 ndipo ikarudishwa. Kwaiyo miaka 15 Mmossi wa Ouagadougou na Mbaoulé wa Bouaké walikuwa koloni moja, akihamishwa kwenda kusini anahamishwa ndani ya nchi yake. Na haikuwa hiari, ilikuwa kazi za shuruti, kwenye mashamba ya kahawa na kakao ya Wafaransa na kwenye reli. Reli hiyo inatoka Abidjan inapanda kaskazini, ilifika Bobo-Dioulasso 1934 na Ouagadougou 1954, ikawa ndio mrija wa kuvuta watu. Wale mliosoma habari za manamba wa mkonge Tanga na Morogoro, Waha, Warundi, Wamakonde waliovuka Ruvuma, basi hadithi ni hiyohiyo ila wao idadi ni kubwa zaidi.

Shuruti ilifutwa 1946, na aliyeipeleka sheria hiyo bunge la Paris ni Houphouët-Boigny mwenyewe, wakati huo mbunge, na alikuwa mkulima mkubwa wa kakao na kahawa. Baada ya uhuru 1960 akawa rais mpaka alipofariki 1993, na sera yake ilikuwa moja, ardhi ni ya anayeilima. Njooni mlime. Msitu ukafyekwa, kwanza mashariki kwa Waagni, ardhi ilipochoka kakao ikahamia katikati magharibi kwa Wabété, halafu kusini magharibi huko Soubré mpaka San Pédro. Wanaohama nayo sio Waburkina peke yao, Wabaoulé nao walihama kwa wingi, wakawa wageni ndani ya nchi yao. Kufika mwishoni mwa miaka ya 70 Kodivaa ilishampita Mghana kwa kakao, na leo karibu asilimia 40 ya kakao ya dunia inatoka kwao. Mbété akiamka anajikuta kwao kijijini yeye ndiye mchache.

Kijiwe_Tandika

Shikamoo mzee wa Relini, hapo umenifungua kabisa. Dada BintiIlala hebu malizia hilo la uraia, maana kama babu aliletwa na serikali, baba kazaliwa pale, mtoto kazaliwa pale, hivi bado unaitwaje mgeni?

BintiIlala

Sheria yao inafuata damu. Kuzaliwa pale peke yake hakukupi kitu, mpaka mmoja wa wazazi awe raia. Kwenye sheria ya kwanza ya 1961 kulikuwa na kaupenyo, mtoto wa mgeni aliyezaliwa Kodivaa angeweza kuomba uraia kwa kutoa tamko tu, lakini watu wa vijijini wangejuaje, na 1972 wakakafunga. Sasa wewe uliyeletwa kabla ya uhuru, hujawahi kuomba karatasi ya Burkina wala ya Kodivaa, unazeeka huna pa kushika. Umoja wa Mataifa ulikuwa unakadiria laki kadhaa ya watu pale hawana uraia wa nchi yoyote. 2013 wakapitisha sheria ya muda kuruhusu waliokuwepo kabla ya uhuru na waliozaliwa miaka ya kati hapo wajisajili, ila kwa mtu asiye na hata cheti cha kuzaliwa utathibitishaje kwamba babu alikuwepo 1960? Sisi 2014 tuliwapa uraia Warundi zaidi ya 160,000 wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu, nalo lilikuwa na kelele zake lakini lilipita.

Siasa zikaja kumalizia. Houphouët alipokufa, Bédié akashika kiti na akaleta sera ya ivoirité, yani nani ni Mkodivaa halisi. Mlengwa alikuwa Alassane Ouattara, mtu aliyekuwa waziri mkuu 1990 mpaka 1993, eti wazazi wake ni wa Burkina. Uchaguzi wa 1995 hayumo, 2000 katiba ikaandikwa kwamba mgombea lazima baba na mama wote wawe wa Kodivaa kwa kuzaliwa, akaenguliwa tena. Ujumbe huo mtu wa kaskazini aliusikia vizuri sana, kama waziri mkuu mzima anaambiwa sio wa hapa, mimi fundi cherehani wa Korhogo itakuwaje? Watu walikuwa wanasimamishwa barabarani kwa jina tu. Septemba 2002 waasi wakaanzisha vita, nchi ikakatika vipande viwili, kaskazini wao, kusini serikali ya rais Gbagbo. Ule uchaguzi wa 2010 ndo uliokuja kuua watu kama 3,000 Gbagbo alipogoma kuachia. Ouattara akaingia, na katiba ya 2016 ikalegeza, mzazi mmoja anatosha.

MsafiriMwepesi

Mimi nilikuwepo kule AFCON ya mwanzoni mwa 2024, si mnakumbuka Stars walivyopigwa tatu na Moroko San Pédro (tusiongelee). Nithibitishe tu haya mnayosema kwa macho. San Pédro ni mji wa bandari, kakao inatokea pale, na ukimuuliza mtu yeyote kwao ni wapi anakutajia sehemu mbili, dereva ni Mbaoulé kazaliwa Soubré, mwenye duka la vocha wazazi wa Mali, mama muuza attiéké (chakula chao cha muhogo) nae wa kabila lingine. Abidjan ndo usiseme, ni jiji la milioni 6.3 kwa sensa hiyo ya 2021, limetuzidi na sisi tunajiona, Walebanoni wana maduka makubwa kama Wahindi wetu wa Kisutu, na vipanya vyao wanaita gbaka, makonda wananing'inia mlangoni kuliko hata wa Mbagala zamani. Kifaransa wanaongea wengi ila sio cha shule, vijana wana lugha yao ya mtaani wanaita nouchi, na biashara ya sokoni ni Kidioula.

Kitu kilichonifurahisha ni utani. Kule nao wana utani wa makabila kama Wahehe na Wangoni, Msenoufo akikutana na Myacouba ni kuitana watumwa toka asubuhi mpaka jioni na hakuna wa kukasirika, mmoja akichelewa msibani kwa mwenzie anatozwa faini. Wanakuambia hata kipindi cha vita huo utani ulikuwa unafanya kazi kwenye vizuizi, askari akijua wewe ni mtani wake anakutukana afu anakupitisha.

chalii_wa_Kino

Sa hao wote wanaishangilia timu gani? 😂

MsafiriMwepesi

Ile ya nyumbani bana. Drogba ni Mbété, akina Touré ni watu wa kaskazini, na Oktoba 2005 walipofuzu kombe la dunia kule Sudan walipiga magoti vyumbani mbele ya kamera wakaomba watu waweke silaha chini. 2007 mechi na Madagascar ikachezwa Bouaké, makao ya waasi, wakashinda tano. Haikumaliza vita kama watu wanavyopenda kuipamba ila kwa siku ile rais hakuwa na ubavu wa kuuliza nani ana kitambulisho.

Kijiwe_Tandika

Duh. Swali la mwisho nisije nikafukuzwa, huyu mjukuu wa manamba wa kakao, shamba alilofyeka babu yake analirithi?

Mzee_wa_Relini

Hapo ndipo penye moto mpaka leo kijana wangu. Sheria ya 1998 inasema ardhi ya kijijini mwenye kuimiliki ni serikali na raia wa Kodivaa tu, mgeni anaishia kukodi. 2004 wakairekebisha, aliyekuwa ameshamiliki kabla ya sheria haki yake inabaki na warithi wake. Lakini aliyekuwa na hati ni nani? Wengi walipewa kwa mdomo, mgeni anamfuata mzee wa Kibété, anampelekea pombe na kuku, anaonyeshwa msitu afyeke, na kila mavuno anapeleka chochote kama shukrani. Wote wawili wameshakufa. Mtoto wa mgeni anasema baba alinunua, mtoto wa mzee anasema baba alikukaribisha tu, na mikakao yenyewe ina miaka 40 imezeeka inataka kung'olewa ipandwe upya.

GongoLaMboto_Original

Si nilisema mimi.