Kahawa ya eneo moja: Kilimanjaro, Tarime, Mbinga au Bukoba? Nataka kuuza Kirumba

Kasia_Moja (Mwanza):
Wakuu, heshima kwenu. Nina kibanda cha chai karibu na Mwaloni, Kirumba. Nataka kuanza kuuza kahawa ya eneo moja, isiyochanganywa, mteja ajue anakunywa ya wapi. Nimepata sampuli nne mbichi, nusu kilo kila moja. Nilijaza kikombe kilekile cha bati kwa kila sampuli, nikapima kwenye mzani mdogo wa jirani anayeuza viungo. Katika tatu za aina ya arabika, ya Mbinga imekuwa nzito kuliko zote, Tarime inafuata kwa karibu, na ya Kilimanjaro ndiyo nyepesi. Nilitegemea kinyume chake, maana mlima mrefu ni huo, na husemwa kahawa ya juu ndiyo yenye punje nzito. Kisha nilizikaanga zote nne kwa sufuria moja, moto mmoja. Kwenye kikombe pia ya Kilimanjaro ladha imepooza, haina ule uchachu unaosifiwa. Ya Bukoba ni aina nyingine, robusta, chungu na nzito mdomoni, povu juu. Je, ni mlima au ni ukaangaji wangu? Gunia la kwanza ninunue wapi?

Kihamba_Juu (Moshi):
Mkuu, jina la mlima halitoshi. Kahawa ya Kilimanjaro inaanzia kama mita 1,000 kule chini na kupanda hadi karibu 1,800. Ukipanda mita 100, joto linapungua kama nyuzi 0.6. Kwa hiyo shamba la chini na la juu katika mlima uleule linaweza kupishana nyuzi nne au zaidi. Arabika inapenda nyuzi 18 hadi 22. Kwenye baridi tunda linaiva polepole na punje inajaa vizuri, inakaza. Usiku wa baridi mti hautumii sukari nyingi kupumua, nyingine inabaki kwenye tunda. Uchachu mtamu unatoka huko.

Fanya hivi: chukua punje kumi za kila sampuli, zilaze ubavu wenye mstari juu. Ya juu mlimani mstari wake umebana na mara nyingi umejipinda. Ya chini umefunguka na umenyooka. Ninahisi uliyouziwa ni ya chini.

Nyumbani Kibosho kahawa iko chini ya migomba. Kivuli kile kinapunguza jua la mchana na majani yanayooza yanarudi kwenye udongo, ambao ni wa volkano, unapitisha maji bila kutuamisha. Bibi yangu hakuwahi kung'oa mgomba ili apande kahawa.

Kasia_Moja:
Nimeangalia sasa hivi. Ya Kilimanjaro mistari imenyooka, kwenye baadhi kucha inaingia. Ya Mbinga imebana kabisa. Asante mangi.

Omwani (Bukoba):
Ndugu zangu, msiipime robusta kwa kipimo cha arabika. Ni aina nyingine kabisa. Arabika huchukua miezi 6 hadi 9 toka ua hadi tunda jekundu, robusta miezi 9 hadi 11, na bado haipati uchachu ule. Kwa hiyo "inaiva polepole" tuiseme ndani ya aina moja tu. Robusta inataka joto, na kwetu kando ya ziwa, mita 1,150 hivi, inalipata. Ukiipeleka mita 1,800 utaitesa bure. Kafeini yake ni karibu mara mbili ya arabika, mvuvi anayeingia ziwani usiku ataelewa haraka.

Sisi tulikuwa nayo kabla wamisionari hawajaleta arabika Kilimanjaro. Tunda lilichemshwa na majani yenye harufu, likakaushwa, mgeni akapewa atafune. Ubaya unaosemwa juu ya robusta mara nyingi ni wa kuanika kwenye udongo mtupu: inanuka vumbi na udongo. Muulize muuzaji ilianikwa wapi. Kama ni kwenye turubai au kichanja, nunua.

Dada_Sirari (Tarime):
Omwani umegusa penyewe. Sisi tuko zaidi ya mita 1,500, baridi tunayo. Lakini mwaka jana nilinunua matunda mazuri mekundu, gari likachelewa, yakalala kwenye magunia siku mbili. Nilipofungua, mvuke ukanipiga usoni na harufu kama ya pombe iliyochacha. Nilimenya, nikaosha, nikaanika vizuri, harufu haikutoka. Tangu hapo ninamenya siku ileile ya kuchuma. Kabla ya kumenya ninamwaga matunda kwenye ndoo ya maji, yanayoelea ninayatenga.

Na baridi ina gharama yake: ugonjwa wa kutu ya majani unapungua, ila chulebuni, ugonjwa unaoozesha matunda ya kahawa, unapenda ubaridi na unyevu. Mkiona kahawa ya juu ni ghali, jueni kuna mtu anapulizia dawa huko.

Mkaangaji_Pasiansi (Mwanza):
Nimechelewa kidogo. Mbinga usiishangae: iko kusini, karibu nyuzi 11 za latitudo, kipupwe cha Juni na Julai ni baridi hasa. Mita 1,500 za kule si sawa na mita 1,500 za huku karibu na ikweta.

Kuhusu kukaanga: punje iliyokaza inataka moto mkali mwanzoni, la sivyo nje inakuwa kahawia na ndani bado ina ladha ya nyasi. Ile nyepesi punguza moto, inaungua haraka. Sufuria moja, moto mmoja, kwa zote nne hapo hukuzitendea haki. Halafu hapa Mwanza maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100, kwa hiyo mimina yakiwa yanatokota, usingoje yapoe.

Kasia_Moja:
Nimerudia Mbinga na Tarime kwa moto mkali mwanzoni. Tarime imetoa harufu ambayo kwanza sikuipata kabisa, kama ganda la chungwa likikamuliwa. Nimeamua: gunia moja Bukoba, ya kichanja, kwa birika la alfajiri na kashata. Tarime kilo 20 kwa wanaokaa kunywa taratibu, ni jirani na nauli ni nafuu. Dada Sirari, unayo ya msimu huu? Nitumie ujumbe, na uniambie shamba liko mita ngapi.