Mahubiri ya barabarani Mwanza: tupunguze sauti au tugeuze spika?

Mleta mada: Wakuu, naomba tulijadili hili. Msimamo wangu ni kwamba mahubiri ya spika yaondoke kwenye mitaa ya makazi kama Mabatini, Igogo na Bugarika, yafanyike viwanjani. Kila malalamiko yakifika serikali ya mtaa, wahubiri wanaambiwa wapunguze sauti. Wanapunguza kidogo, baada ya dakika kumi imepanda tena. Ibara ya 19 ya Katiba inalinda uhuru wa kueneza dini, sawa, ila ibara ya 30 inakataza kutumia haki yako kwa namna inayoingilia haki za wengine. Mgonjwa na mtoto mchanga nao ni wengine.

Mwinjilisti: Bwana asifiwe. Ndugu yangu, mbona ni sisi tu? Sokoni Makoroboi spika za wamachinga zinarudia bei ileile kutwa nzima, na baa zinakesha. Sisi tunahubiri saa mbili, tunafungasha. Viwanjani wanakuja waliokwisha kuokoka. Aliyepotea yuko mtaani kwake.

Fundi mitambo: Mnabishania kitufe cha sauti, na kitufe hicho kinasaidia kidogo sana. Ukishusha amplifaya kutoka wati 100 hadi 50, sauti inapungua desibeli 3 tu (desibeli ni kipimo cha ukali wa sauti), na sikio karibu halitambui. Ili msikilizaji aone imepungua nusu, inabidi ushuke kama desibeli 10, yaani hadi wati 10. Ndiyo maana "punguzeni kidogo" haimridhishi mtu.

Tatizo kubwa ni mwelekeo. Spika ya honi inapiga kama tochi. Wanaifunga juu ya nguzo, mdomo umeelekea kilimani, wakati wasikilizaji wako chini, mita 5 hadi 20. Mahali pa wazi, umbali ukiongezeka maradufu sauti hushuka kama desibeli 6: ikiwa 100 kwa mita 1, mita 16 ni 76, mita 64 bado ni 64. Sasa nyumba zetu zimepandana juu ya mawe. Ya juu haikingwi na ya chini, inaitazama honi uso kwa uso. Mchana upepo wa ziwa unavuma kuja nchi kavu, na sauti inayofuata upepo hupinda kurudi ardhini badala ya kupotelea angani.

Dawa yake: honi ikae kama mita 2 na nusu juu, imeinamishwa kwa wasikilizaji wa nyuma kabisa, mgongo wake uelekee makazi. Spika nne ndogo zilizotawanywa zinafaa kuliko honi moja kubwa. Maiki iwe karibu na mdomo, na mhubiri asipite mbele ya spika, maana ndipo inapopiga mluzi na kuchoma masikio.

Mkazi wa Bugarika: Fundi, hapo umeongelea neno tu. Kwaya ikija na kinanda, je? Besi, ule mlio mzito, haina mgongo wala uso. Inazunguka pande zote, inapita ukutani, mabati yanatetemeka. Kugeuza spika hakusaidii kitu.

Fundi mitambo: Kweli kabisa, mama. Besi ikatwe kwenye mitambo, yaani milio mizito yote iliyo chini ya hezi 150 (mitetemo 150 kwa sekunde). Maneno ya mahubiri hayapotei, bado yanasikika vizuri.

Afisa mazingira mstaafu: Anayelalamika aandike tarehe, saa ya kuanza na kumaliza, alipokuwa, na kama madirisha yalikuwa wazi. Barua ianzie kwa mtendaji wa mtaa, nakala kwa afisa mazingira wa halmashauri (Nyamagana ni Jiji, Ilemela ni Manispaa). Ikikwama iende NEMC, baraza la taifa la mazingira. Itaje Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 na kanuni za kelele na mitetemo za 2015. Kipimo cha programu ya simu kinaonyesha tu sauti ipi imezidi nyingine. Maiki ya simu haijalinganishwa na kipimo rasmi, na namba yake msiitegemee kama ushahidi. Kanuni hizo ziwabane na wenye baa, hapo mwinjilisti ana haki.

Mdau wa mwaloni (wanakoshushia samaki): Mnapopanga saa, msidhani usiku pekee ndio wa kulala. Wavuvi wa dagaa wanakesha ziwani siku za giza, wanarudi alfajiri. Saa nne asubuhi kwao ni usiku wa manane. Mbalamwezi ikishika hawaendi, basi ratiba ya mahubiri ya mwaloni ifuate mwezi.

Mwinjilisti: Ratiba ya mwezi inawezekana, na honi tutaigeuza. Ila kwaya bila besi vijana hawasimami kusikiliza.

Mleta mada: Mwinjilisti, nimekubali honi ya neno ibaki mtaani kama fundi alivyoeleza. Kinanda na besi viende uwanjani. Hapo sirudi nyuma. Wengine mnasemaje?