Shahada ya jiolojia bila kwenda fildi: iruhusiwe?

Mleta mada:

Mwaka 2020 korona ilipofunga vyuo, walimu wa jiolojia walilazimika kufundisha kazi ya uwandani, yaani fildi, kwa picha za satelaiti na modeli za kompyuta. Tangu hapo swali limebaki: kama mwanafunzi anaweza kuuzungusha mwamba kwenye skrini, kwa nini alazimishwe kupanda vilima wiki nzima ndipo apewe shahada? Mimi nasema alazimishwe.

Jiwe lililo kwenye meza ya maabara limeshachaguliwa. Kuna mtu aliyeona linafaa, akalipasua, akaliandika namba. Kule nje hakuna wa kukuchagulia. Miamba mingi imefunikwa na udongo na nyasi. Unaona mawe ya chokaa hapa, mita 200 mbele unakuta mawe ya mchanga, na katikati ni majani matupu. Mpaka wao utauchora wapi? Na hilo unalolipima, limeshikamana na mwamba wa chini au liliporomoka kutoka juu? Nilipokuwa mwanafunzi nilipima mwinamo wa mawe ya kuporomoka asubuhi nzima, dira mkononi. Mwalimu aliuliza swali moja tu, "Limetoka wapi?", nikafuta nusu ya ramani yangu. Tangu siku ile sijawahi kufungua daftari kabla ya kulizunguka jiwe.

Isitoshe, uso wa mwamba hudanganya, maana mvua na hewa huubadili rangi. Ndiyo sababu tunabeba nyundo: unavunja upate uso mpya, unausogeza kwenye lenzi, unadondosha asidi hafifu ya haidrokloriki. Chokaa hutoa povu papo hapo. Dolomaiti, mwamba unaofanana na chokaa, hutoa kidogo sana mpaka uikwaruze iwe unga. James Hutton naye, mwanajiolojia wa Uskoti, alipanda mashua mwaka 1788 hadi Siccar Point, Uskoti, akaona matabaka yaliyosimama wima yakiwa yamefunikwa na mengine yaliyolala. Yale ya chini yalipaswa kwanza kuinuliwa na kulika ndipo mengine yalale juu yake, kazi ya muda mrefu mno. Pale ndipo urefu wa umri wa dunia ulipoonekana kwa macho.

Mchangiaji wa kwanza:

Ndugu mleta mada, huyo Hutton alikuwa ameshaisoma nadharia yake mbele ya wanazuoni wa Edinburgh mwaka 1785. Fikra ilitangulia safari. Na umemsahau Marie Tharp, mchora ramani wa Marekani. Miaka ya 1950 aliichora sakafu ya Atlantiki akiwa mezani, kwa vipimo vya kina vilivyoletwa na meli ambazo wanawake hawakuruhusiwa kupanda. Akaona bonde la ufa katikati ya safu ya milima iliyo chini ya bahari. Mwenzake Bruce Heezen alilikataa mwanzoni, baadaye akakubali. Sasa niambie: mwanafunzi wa kiti cha magurudumu, mwenye akili kama ya Tharp, umnyime shahada kwa sababu ya mlima?

Mchangiaji wa pili:

Naongeza gharama. Usafiri, viatu, mahema, yote kwa mwanafunzi. Anayeshindwa kulipa huhamia kozi nyingine kimyakimya.

Mleta mada:

Nimewasikia. La kiti cha magurudumu mmenishinda, kama fildi maana yake ni kupanda mlima tu. Lakini barabara iliyokatwa kwenye kilima huonyesha matabaka vizuri kuliko vilele vingi, na gari hufika. Tupime uamuzi wa mwanafunzi mbele ya mwamba, tusipime miguu yake. Kuhusu gharama, chuo kinachoifanya fildi kuwa lazima ndicho kiilipie. Hapo sina mjadala.

Kwa Tharp, ndugu yangu, sikubali. Alizuiwa, hakuchagua. Dhuluma aliyotendewa tusiigeuze kuwa mtaala. Na vipimo vyake vilitoka kwa watu walioamua baharini meli ipite wapi. Swali langu kwenu ni hilohilo: mwanafunzi aliyesomea kwenye skrini pekee, siku akipewa eneo ambalo bado hakuna aliyelipiga picha, ataanzia wapi?