Baba Rayan anataka kununua AR-15

Baba Rayan (Texas): Assalaam alaykum nyote. Shikamoo Baba Mkubwa, shikamoo Shangazi. Ninalileta jambo hili hapa kwenye kundi letu la familia kabla sijalitekeleza, kwa sababu sitaki mlisikie kwa mtu wa pembeni. Juma lililopita wezi walivunja mlango wa jirani yetu wa ghorofa ya chini usiku wa manane, watoto wakiwa ndani, na msaada ulichelewa sana kufika. Nimeamua kununua silaha. Mwenzangu mmoja kazini amenishauri nichukue bunduki ya AR-15, ambayo huku dukani anauziwa mtu aliyetimiza miaka 18 akishapita uchunguzi wa rekodi, na kwa kuwa nina grinkadi, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, sheria hainizuii.

Baba Mkubwa (Tanga): Marahaba, mwanangu. Mpe jirani pole zetu. Naomba unieleweshe jambo moja kwanza: hiyo AR-15 ndiyo ile inayotajwa kwenye taarifa ya habari kila yanapotokea mauaji shuleni? Kwa macho yangu haina tofauti na wanazobeba askari.

Baba Rayan (Texas): Ni ya ukoo mmoja na M16 ya jeshi, Baba Mkubwa, kwa kuwa zote zilitokana na kazi ya mhandisi Eugene Stoner wa kampuni ya ArmaLite katika miaka ya 1950. Tofauti ni kwamba ya jeshi inaweza kumimina risasi mfululizo ukiwa umebana triga, ilhali ya raia hutoa risasi moja kila unapovuta, kisha hujipakia yenyewe. Zile za kumimina ziliwekewa udhibiti tangu 1934, na tangu 1986 raia hauziwi iliyotengenezwa upya.

Zuhura (Minnesota): Shikamooni wakubwa. Kaka, ni kweli ni risasi moja kwa kila mvuto, lakini magazini yake ya kawaida hubeba risasi 30, na kidole cha mtu mwenye hasira hakichoki. Kule Las Vegas, Oktoba 2017, mtu mmoja aliyekuwa dirishani hotelini alisababisha vifo vya watu 60 baada ya kufunga kwenye bunduki za namna hiyo kifaa kinachotumia mtikisiko wa bunduki yenyewe kuharakisha ufyatuaji. Serikali ilikipiga marufuku kifaa hicho mwaka uliofuata, na Juni 2024 Mahakama ya Juu ikaifuta marufuku hiyo.

Baba Rayan (Texas): Silikatai hilo. Lakini tupime kwa haki: katika mauaji ya risasi ya mwaka 2020 ambayo FBI, shirika la upelelezi la Marekani, ilipata taarifa zake, raifo za aina zote, kundi ambalo AR-15 imo, zilikuwa asilimia 3, na bastola zilikuwa asilimia 59; nyingi za zilizobaki aina yake haikutajwa. Wanaopigia kelele AR-15 wanaacha chui na kumfukuza paka.

Zuhura (Minnesota): Takwimu hizo ni sahihi, nami sizipingi. Nitakueleza tu tunachokiona sisi wauguzi wa chumba cha dharura. Risasi ya bastola mara nyingi huacha tundu unaloweza kulifuatilia, na daktari wa upasuaji anajua aanzie wapi. Risasi ya bunduki hii ni ndogo, ila kasi yake ni kubwa mno, hivyo huchana nyama iliyo mbali na njia iliyopita. Ini ambalo lingeshonwa hukutwa limesambaratika. Ndiyo maana katika mauaji ya shuleni majeruhi wengi hawafiki hata mezani. Pale Uvalde, kwenye jimbo lako hilohilo, Mei 2022, watoto 19 na walimu 2 waliuawa na kijana wa miaka 18 aliyenunua bunduki zake mbili kihalali siku chache tu baada ya kutimiza umri.

Baba Rayan (Texas): Uvalde ndiyo iliyonifikisha hapa nilipo, dada. Askari 376 walifika pale, na ilipita zaidi ya saa nzima kabla hawajaingia darasani. Ikiwa askari 376 wenye silaha walisita kumkabili mtu mmoja, mimi na mke wangu tumsubiri nani usiku?

Idi (Mombasa): Kaka, mfano huo unakata pande zote mbili. Baadhi ya askari wale walieleza kwamba walisita kwa sababu walijua aliyemo ndani ana bunduki ya aina hiyo. Wewe unaitaka kwa sababu askari waliiogopa. Wanaoipinga wanasema isiuzwe kwa kijana wa miaka 18 kwa sababu hiyohiyo.

Shangazi (Tanga): Mimi si msomi wa silaha, lakini Christchurch siwezi kuisahau, kwani ilikuwa Ijumaa, watu wamekaa wanasubiri sala. Waislamu 51 waliuawa katika misikiti miwili, Machi 2019, na muuaji alikuwa na leseni halali. Haukupita mwezi mmoja, Bunge la New Zealand likapiga marufuku bunduki nyingi za kujipakia, kura 119 kwa 1. Marekani inashindwaje?

Idi (Mombasa): Shangazi, naomba nijibu kama wakili. New Zealand, kama huku kwetu Kenya, silaha ni idhini ya Serikali: unaiomba, unaeleza sababu, na inaweza kufutwa. Marekani ni haki iliyoandikwa katika Marekebisho ya Pili ya Katiba, na tangu hukumu ya kesi ya Heller ya 2008 Mahakama ya Juu imeitambua kuwa haki ya mtu binafsi ya kujilinda nyumbani kwake. Kwa hiyo swali lao si "kwa nini aruhusiwe" bali "kwa nini azuiwe", na anayetakiwa kujieleza ni Serikali. Hata hivyo walishawahi kujaribu. Mwaka 1994 Rais Bill Clinton alitia saini marufuku ya bunduki za namna hii iliyodumu miaka kumi, na mwaka 2004 muda wake ulipokwisha Bunge halikuihuisha. Kwa maoni yangu sheria ile iliandikwa vibaya, kwa maana ilihesabu vikorombwezo: mshikio kama wa bastola, kitako kinachokunjwa, mahali pa kufunga singe. Watengenezaji waliondoa kikorombwezo kimoja au viwili na kuendelea kuuza bunduki ileile. Sehemu yenye nguvu zaidi ilikuwa ile ya kuzuia magazini mpya za zaidi ya risasi 10, lakini zilizokuwa tayari mikononi mwa watu ziliachwa.

Baba Mkubwa (Tanga): Na majimbo je? Nasikia kila jimbo lina yake.

Idi (Mombasa): Ndivyo. California ilianza 1989 baada ya watoto watano kuuawa shuleni mjini Stockton, na baadaye zikafuata nyingine, zikiwemo New York, Illinois na Washington. Juni 2025 Mahakama ya Juu ilikataa kusikiliza shauri dhidi ya marufuku ya Maryland, ingawa Jaji Kavanaugh wa mahakama hiyo aliandika kwamba suala la AR-15 litapaswa kuamuliwa karibuni.

Baba Mkubwa (Tanga): Mimi linalonishangaza si aina ya bunduki, ni wepesi wa kuipata. Marehemu babu yenu alipotaka shotgani ya kufukuzia nguruwe pori shambani, alianzia kwa mwenyekiti wa kijiji, akapanda hadi kata, kisha polisi wilayani, na kila ngazi aliulizwa: una ugomvi na nani, unakunywa, mkeo anasemaje? Mtu mmoja, Mkojani, aliyekuwa amempiga mkewe, alikataliwa palepale kijijini, kabla hata karatasi haijasafiri. Mtaa ulimjua kuliko kompyuta yoyote.

Zuhura (Minnesota): Baba Mkubwa, hapo ndipo penye kiini. Uchunguzi wao wa rekodi unauliza kama umewahi kuhukumiwa au kuamriwa na mahakama kuhusu afya ya akili, haumuulizi jirani. Tena, kwa sheria ya shirikisho, ukinunua kutoka kwa mtu binafsi asiye mfanyabiashara wa silaha, uchunguzi huo si lazima. Hapa Minnesota bunduki kama hiyo inahitaji kibali cha polisi, na bado Agosti 2025 mtu aliyenunua silaha zake kihalali aliwapiga risasi watoto kupitia madirisha ya kanisa, wakiwa kwenye misa ya shule. Wawili walifariki. Kwa hiyo sisemi kibali ni dawa ya kila kitu. Nasema mtu wa miaka 18 asiyejulikana na yeyote asitoke dukani na magazini za risasi 30 siku hiyohiyo.

Idi (Mombasa): Colorado imeelekea huko. Sheria iliyosainiwa Aprili 2025 inataka mnunuzi wa bunduki nyingi za kujipakia zenye magazini ya kuchomoa apite kwa sherifu, yaani mkuu wa usalama wa kaunti, na apate mafunzo kwanza, kuanzia Agosti 2026. Huenda ikapingwa mahakamani, ila naiona ina akili kuliko kuhesabu vikorombwezo.

Baba Rayan (Texas): Nikienda Colorado nitapita kwa sherifu bila kinyongo, sina cha kuficha. Lakini ninaishi huku, na mlango uliovunjwa uko chini ya sakafu yangu.

Zuhura (Minnesota): Basi tuzungumzie nyumba yako, si Bunge. Kuta zenu ni za jipsamu. Ukifyatua gizani ukamkosa mwizi, risasi inaingia kwa jirani yuleyule unayemhurumia, penye kitanda cha mtoto.

Baba Rayan (Texas): Hilo la kuta sikulifikiria vya kutosha. Naweza kuiacha AR-15. Nitachukua bastola.

Zuhura (Minnesota): Bastola nayo inapenya jipsamu, kaka. Na isitupe faraja ya haraka: mwaka 2021 Wamarekani 48,830 walikufa kwa risasi, na zaidi ya nusu walijiua wenyewe. Wengi hawakuwa na mpango wa muda mrefu. Walikuwa na usiku mmoja mbaya, na silaha ikawa karibu.

Shangazi (Tanga): Rayan ana miaka mingapi sasa?

Baba Rayan (Texas): Kumi na tano, Shangazi.

Shangazi (Tanga): Na alipofiwa na rafiki yake mwaka jana, si ulituambia hapa kwamba hakula siku kadhaa na hakutaka kuzungumza na mtu?

Baba Rayan (Texas): Nilisema.

Baba Mkubwa (Tanga): Mwanangu, sikukatazi, kwa kuwa mlango uliovunjwa uko huko, haupo Tanga. Ila kabla hujalipa chochote, tuandikie hapa sefu utainunua lini, itafungwa ukutani sehemu gani, risasi zitakaa wapi mbali na silaha, na namba ya sefu ataijua nani zaidi yako. Mama Rayan naye aandike mwenyewe, tusisikie kwa mdomo wako.

Mama Rayan (Texas): Shikamoo Baba Mkubwa. Nimesoma yote kimya tangu asubuhi. Mimi nilishasema mlango wetu ubadilishwe kwanza, uwe wa chuma wenye komeo mbili, na mwenye nyumba amekubali tugawane gharama. Fundi anakuja Jumanne. Hayo ya sefu tutayazungumza mlango ukishafungwa.

Baba Rayan (Texas): Nimekubali tuanze na mlango.